Mfalme Akikwama

Ijumaa, 1 Machi 1974
Mzee Dobri kanifunga uzi mwekundu na mweupe mkononi, kama kila Machi ikiingia. "Uwe na afya, Tsveta — na unitunzie mistari yangu!" Mistari kweli. Leo mazoezini kasahau mara nne. Nikamnong'oneza maneno kutoka shimoni mwangu, shimo la mnong'onezaji pale mbele ya jukwaa, hakuna aliyegundua. Miaka ishirini na miwili yeye anaigiza, mimi namnong'oneza. Nampenda kama baba.

Jumanne, 5 Machi
Ndugu Stoilov, katibu wa chama hapa ukumbini, kaniita ofisini. Kahawa, biskuti — mimi! Anataka mkwewe ndiye awe mfalme kwenye mchezo badala ya Dobri. Halafu kuna maneno ya mfalme kwa jemadari aliyemsaliti: "Ulinipigia goti ukiwa na njaa, leo umeshiba, wanipa kisogo." Watu wanapiga makofi pabaya hapo, kana kwamba chama ndicho kinachosemwa, anasema, na Jumapili mkuu wa wilaya atakuwepo. Mzee akikwama hapo, nisimsaidie. Basi. Akafungua droo: kibali cha binti yangu Nevena cha kuishi Sofia, mji mkuu. Kina muhuri, bado saini tu. Mwanangu ana mimba ya miezi saba, anaishi huko kwa kujificha! Biskuti nilikula, sina haya.

Alhamisi, 7 Machi
Nimelia mbele ya supu, kantini. Nikamwambia Dobri yote. Nilidhani atafoka. Akanimenyea yai. "Nevena nimembeba mgongoni mimi. Nikikwama niache, binti yangu." Nikamwambia anyamaze, ale. Hakula.

Jumapili, 10 Machi, mchana
Naandika humu humu shimoni, huko juu wanapigana kwa panga. Ukumbi umejaa. Stoilov yuko safu ya kwanza, nyuma yangu kabisa, pamoja na mkuu wa wilaya. Dobri leo anawaka! Hajakosea hata neno.

Panga zimekwisha. Jemadari kaletwa. "Ulinipigia goti ukiwa na njaa…"

Kimya.

Amekwama. Siku zote hutupa jicho huku, kidogo tu, naliona mimi peke yangu. Leo anatazama dari. Hataki kunitazama, mzee mkaidi! Anajua nikiona macho yake sitaweza kumwacha. Stoilov anakohoa. Nevena, msamehe mama yako — nimeshavuta pumzi —