Asitoke Barabarani

Dada yangu Sabina,

Kasisi ndiye anayeniandikia barua hii. Sisi wazima, na ng'ombe amezaa jike.

Mwanao Hamo amemuua mwenye kinu cha kusagia ngano, walipogombana sokoni. Mbiu ilipopigwa, sheria ilitutaka sote tumkimbize. Nami nilikimbia, ila si kwa kasi. Aliwahi kanisani, ambako hakuna aruhusiwaye kumkamata, akaungama, akamwapia ofisa wa mfalme kwamba ataihama nchi ili asinyongwe.

Jumatatu ataanza safari ya kwenda bandari ya Dova, peku, na msalaba wa mti mkononi. Akiwa barabarani, amani ya mfalme inamlinda. Akitoka hatua moja tu, yeyote anaweza kumuua.

Ndugu wawili wa marehemu watamfuata nyuma. Jana mmoja alinisalimia vizuri kabisa.

"Hatutamgusa, mama," aliniambia. "Tunangoja akanyage nyasi tu."

Alhamisi atapita mbele ya nyumba yako. Nakujua, dada. Usimwite ndani, hata akilia. Mpelekee mkate katikati ya barabara, mkumbatie hapo hapo, kisha mwache aende.

Mdogo wako anayekuombea,
Emmot