Baba, Nimerudi Hewani

Baba,

Shikamoo. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi, sijui nianzie wapi. Basi nianze na hili: nimerudi hewani.

Tulipotoka kukuzika kijijini Bukene, nilizima kompyuta nikaifunika kwa kanga ya mama. Mjomba Lazaro aliniita mbele ya ndugu, akaniambia kwa upole niachane na magemu, nihamie kwake nimsaidie kuuza mchele. Hakuwa na ubaya. Hakuwahi kuona mtu mzima anacheza mpira kwenye kioo, anaongea peke yake chumbani, na watu wa mbali wanamsikiliza. Hata wewe mwanzoni ulisimama mlangoni ukamuuliza mama kama naumwa.

Kisha ukasikiliza. "Kumbe unatangaza," ukasema, ukavuta ndoo ukakaa. Wewe uliyetangaza mechi za mtaa hapa Ipuli kwa kipaza sauti cha kuazima, na watu wakaja uwanjani kukusikia wewe kuliko kutazama mpira. Ulinifundisha kumtaja mchezaji kama jirani yangu, na kutonyamaza mpira ukitoka nje. "Mtu amekuja kwako na mambo yake kichwani. Usimwache peke yake."

Halafu koo lako likaugua, sauti ikaondoka. Ukaendelea kukaa pembeni yangu. Nikipooza, uligonga meza. Nikitangaza vizuri, ulicheka bila sauti, mabega yakitikisika. Watazamaji wakauliza nani anagonga, nikawaambia ni mwalimu wangu.

Sasa baba, ulipoondoka, waandaaji wa mashindano ya gemu huko Dar walinitafuta. Walitaka nitangaze mechi zao kwa Kiswahili, laivu. Ndiyo kazi niliyoililia miaka yote. Nikakataa. Nilijua nikifungua mdomo nitalia.

Jumapili moja mama alitoka kanisani, akaja moja kwa moja chumbani, akaitoa ile kanga na kuikunja. "Kanga yangu naitaka," akasema. "Na wewe kazi yako inakungoja."

Nikawasha. Watu wakaanza kuingia, wananipa pole. Nilikwenda vizuri kidogo, mpaka mpira ukatoka nje. Nikanyamaza. Baba, nilikuwa nasubiri ugonge meza. Nilisubiri kweli. Mtazamaji mmoja, mama wa kule Choma, akaandika kwamba mumewe alipokuwa mgonjwa walikuwa wakitusikiliza sisi wawili, akauliza mwalimu yuko wapi. Nikalisoma swali lake kwa sauti.

Ndipo mama akaingia. Unajua hakuwahi kukanyaga humo nikiwa hewani. Akainama kwenye maiki kama anasoma matangazo ya kanisa, akawasalimu kwa kilugha chetu, "Mwangaluka. Baba yake amepumzika. Mvumilieni, anaendelea sasa hivi." Akakaa.

Nikaendelea. Nililia na kutangaza, kutangaza na kulia, nikafungwa vibaya sana, na hakuna aliyeondoka.

Kesho yake niliwapigia waandaaji kuwauliza kama nafasi bado ipo. Ilikuwepo. Nimekwenda Dar, nimetangaza mpaka fainali, nimerudi juzi kwa treni nikiwa na mkataba wa msimu mzima. Mjomba alinipigia nikiwa bado ukumbini. Alikuwa ametazama dukani kwake na majirani, na neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kwa nini yule wa jezi nyekundu alikuwa anarudisha mpira nyuma kila mara. Hajataja tena habari za mchele.

Nimefurahi, baba. Nami bado nageuka upande wako kila nikimaliza sentensi nzuri. Sijui kama hilo litaisha. Sitaki liishe.

Pumzika sasa. Mvua zikikatika tunakuja na mama kukujengea kaburi. Nakuahidi siku hiyo nitasimama hapo na kukutangazia fainali yote, tangu filimbi ya kwanza, kwa sauti kubwa, Mjomba na wanakijiji wote wakisikia.

Mwanao,
Suzana