Biskuti za Kakao Zilizokwenda Masaki

Kibaha, Pwani

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, hujasimama jikoni, na kwamba goti limekupa nafuu tangu mvua zipungue. Lusajo aliniambia kakao imezaa vizuri na umeshaanza kuanika. Nimeshukuru kusikia. Sisi huku ni wazima wa mwili. Tusa hajaumwa, anakula, ameng'oka jino la mbele na sasa kila akisema "Kisarawe" anapiga mluzi. Mimi naingia darasani kama kawaida.

Naomba Lusajo akusomee mkiwa wawili tu, na asiruke mahali. Mdogo wangu, ukisoma hapa, usiruke. Nimejaribu kukueleza haya kwa simu, mama, nikashindwa. Ukiniuliza habari za mke wangu Rehema na kazi yake huko Maskati, mdomo wenyewe unajibu "nzuri" kabla sijafikiri.

Rehema harudi.

Nikueleze ilivyokuwa. Unajua mjukuu wako mayai na maziwa vinamdhuru. Akionja kidogo tu midomo inavimba, anakohoa mpaka anakosa pumzi. Kwa hiyo kwenye sherehe za watoto wenzake yeye hukaa na chupa yake ya maji, anaangalia keki inavyokatwa. Siku moja alirudi kutoka kwa jirani, mtoto wao alikuwa ametimiza miaka saba, akavua viatu mlangoni akaniuliza, "Baba, keki ina ladha gani?"

Nikamwambia ni tamu.

"Tamu kama nini?"

Shule yao ilikuwa inakaribia kufunga, na darasani kwao kila mtoto alitakiwa aje na kitu cha kula pamoja. Nikamwahidi kwamba safari hii yeye ndiye atakayepeleka kitu kitamu, na atakula na wenzake. Nilikuwa na ule mfuko wa kakao uliotuletea kwa basi. Nikaona nitengeneze biskuti.

Utacheka, mama. Mimi niliyekuwa nikifukuzwa jikoni kwako. Nilikaanga zile mbegu kama karanga, nikapepeta maganda, nikatwanga kwenye kinu. Nilidhani itakuwa unga, kumbe kakao ina mafuta mengi, ukiendelea kutwanga inageuka uji mzito mweusi unaong'aa. Nikauchanganya na sukari na mafuta ya nazi. Badala ya yai nikaponda ndizi mbivu. Badala ya maziwa nikatia tui la kwanza, lile zito. Kisha unga wa ngano, chumvi kidogo, na korosho alizotuletea mama mkwe, nimezivunjavunja. Sina jiko la kuokea, hivyo niliweka mchanga kwenye sufuria kubwa, nikaipandisha kwenye jiko la mkaa, nikaingiza sahani ya bati ndani yake, na juu ya mfuniko nikapanga makaa.

Mkupuo wa kwanza ulikuwa motoni, nami naviringisha madonge ya mkupuo wa pili, Tusa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa anayahesabu, simu ikalia mlio wa ujumbe. Ilikuwa sauti ya Rehema kutoka Maskati. Nilidhani anaulizia biskuti, maana nilikuwa nimemwambia. Nikasogea pembeni nikasikiliza.

Hakuzungusha maneno. Alisema, "Baba Tusa, nimepata mtu huku. Ni dereva, Mtanzania mwenzetu, wa Tanga. Sitarudi kuishi Kibaha. Sikutaka usikie kwa watu. Tusa abaki na wewe, najua unamwangalia vizuri. Nisamehe kama utaweza." Halafu nikasikia kama sahani zinaoshwa, na sauti ikakatika.

Nikausikiliza tena. Sikutafuta kitu, niliusikiliza tu.

"Baba, inanukia kuungua," Tusa akasema.

"Kweli," nikamwambia.

Nikafunua sufuria, zote zilikuwa mkaa. Nikazimwaga, nikapunguza moto, nikaweka madonge ya pili, nikarudi kuviringisha ya tatu. Mikono ilifanya kazi vizuri, mama. Biskuti zilizofuata zilitoka nzuri, zimepasuka juu, katikati laini. Tusa alikula ya kwanza ikiwa bado ya moto, akafumba macho. Nami nikala yangu. Nilijua natafuna kitu.

Shuleni wenzake walizigombania. Mwalimu wake alinipigia kuuliza nimenunua wapi. Nikamjibu, nikacheka panapotakiwa kuchekwa. Tangu siku ile niko hivyo. Sina hasira, na machozi hayatoki. Likizo imeisha, na juzi nilifundisha somo la mito kwa darasa lililokwisha kulisoma, wanafunzi wakaninyamazia tu, mpaka kiranja akaja kuniambia mlangoni kwa upole kwamba hilo tulishalimaliza. Nafikiri ndivyo mtu anavyokufa ganzi.

Kitu kimoja ndicho kilichokuwa kinanisumbua kichwani: mama yake Rehema, Bi Mwajuma. Unamkumbuka, siku tulipofunga ndoa bomani alikuvika kanga yake mwenyewe. Nikasema mwanamke huyu hajanikosea kitu, lazima nikamweleze uso kwa uso, nimuage kwa heshima. Nikapika biskuti nyingine, nikazifunga kwenye kopo, Jumapili tukaondoka na Tusa. Bi Mwajuma anakaa Masaki, si ile ya matajiri wa Dar, Masaki ya Kisarawe, ya muhogo na mikorosho. Kutoka Kisarawe mjini tulichukua bodaboda.

Tulimkuta uani anabangua korosho, moshi umemjaa machoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona hamkusema mnakuja? Tusa, njoo nikuone hilo pengo."

Tulikula muhogo. Nikamsifia muhogo. Nikamuuliza habari za shamba, nikauliza habari za bati lililong'olewa na upepo, nikauliza mpaka habari za mbuzi wa jirani. Kila nilipofungua mdomo niseme, yalitoka mambo ya mbuzi. Akafungua kopo, akachukua biskuti, akaigeuzageuza.

"Vitu gani hivi? Visheti vyeusi?"

"Ni biskuti, Bibi," Tusa akamwambia. "Hazina yai. Kakao ya Bibi wa Kyela."

Akala taratibu yote, akalamba kidole. Kisha akampa Tusa kopo lile awapelekee watoto wa nyumba ya pili. Mtoto alipotoka tu, akaniambia bila kuacha kubangua:

"Rehema ameniambia."

"Lini, mama?"

"Kabla yako wewe. Nilimwambia akuambie kwa mdomo wake mwenyewe, mimi sitambebea. Nilikuwa nakungoja."

Halafu nikasema yale niliyoyapanga tangu Kibaha. "Mama, nimekuja kukuaga."

"Kuniaga? Unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Lakini sasa mimi si mkwe wako tena."

Aliweka chini kile kijiti cha kubangulia, akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Nani amekwambia? Mmeachana ninyi wawili, sawa. Mimi umeniacha lini?"

Nikaokota kile kijiti, mama, nikamrudishia mkononi.

Akaniuliza mtoto atakuwaje. Nikamwambia ukweli, kwamba wewe tangu Rehema aende Maskati unataka nimlete Kyela akae nawe. Akatikisa kichwa, akasema ni haki yako, wewe ni bibi yake na mtoto amebeba jina lako. Halafu akauliza, "Na wewe mwenyewe unasemaje?"

"Sisemi kitu, mama. Sisikii kitu. Ukinikata hapa sasa hivi nadhani nitaangalia tu."

"Basi usiamue," akasema. "Mtu wa hivyo haamui mambo ya mtoto. Ngoja kwanza."

Tulirudi Kibaha jioni ile. Katikati ya wiki natoka kazini, namkuta mlangoni kwangu, ameketi juu ya mkeka wake uliokunjwa, kando yake kapu la muhogo na chungu. Shamba amemwachia mdogo wake. Kuku wote amegawa, anasema hataki kusikia habari ya yai katika nyumba yenye Tusa. Aliingia, akauliza aswalie upande gani, akaanza kufagia.

Sasa anaishi nasi. Analala chumba kimoja na Tusa. Chakula nakikuta kimefunikwa. Jana alitaka nimfundishe biskuti, akasema mimi nabana tui vibaya na nakaanga korosho kama mtu anayezichukia, akaninyang'anya mwiko. Zilitoka nzuri kuliko zangu. Tusa alimuuliza, "Bibi, utakaa mpaka lini?" Akamjibu, "Mpaka unifukuze."

Sasa nakuja kwako, mama, na hapa ndipo kalamu inapokuwa nzito. Najua umeshamnunulia Tusa kitanda. Lusajo aliropoka. Najua umemwonyesha jirani mahali kitakapokaa, karibu na dirisha. Naomba kisitolewe, lakini Tusa hatakuja kukaa. Ameshapotewa na mama, shule anaipenda, na mimi nikirudi nyumbani nikakuta hayupo sijui nitakuwa mtu wa namna gani. Usidhani nimechagua bibi mmoja nikamwacha mwingine. Shule zikifunga tena nitamleta, na Bi Mwajuma nitamleta pia, kama utamkaribisha. Hajawahi kuona mkakao ukiwa na matunda. Anasema haamini kwamba yanaota kwenye shina.

Nakuomba na jambo jingine. Rehema atakupigia, namjua, hawezi kukaa na kitu. Akikupigia, pokea. Usimtukane. Alikuita mama, na alikuwa anamaanisha. Mimi siwezi kuzungumza naye bado, lakini sitaki apige simu nyumbani kwetu iite mpaka ikatike.

Msalimie sana shangazi anayekusaidia kuanika, mwambie dawa yake ya mgongo nimeipata, nitaituma. Msalimie mjomba wa mashineni, na mchungaji, lakini huyu usimweleze bado, asije akaniombea mbele za watu. Lusajo, asante kwa kusoma. Umfunike mama miguu, jioni huko kuna mbu.

Bi Mwajuma anasimama hapa nyuma yangu. Anasema nikuandikie kwamba amekusalimu, na kwamba mjukuu wenu amelala ameshiba.

Ni mimi mwanao,
Ambakisye