Matano Ameiweka Chini Zumari

Mlandizi,
12 Agosti 1951

Mdogo wangu mpendwa Isihaka,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Muheza na kifua kimekuachia. Sisi miili ni mizima, ila roho yangu haijatulia.

Mwinyimadi alifika juzi. Maneno uliyompa aliyafikisha yote, uani, mbele ya watu, mwanao Matano akiwa amekaa pale pale: kwamba asipoijua zumari ya marehemu baba kabla ya ngoma ya kumtoa mwali Zubeda wangu, nimchape mpaka aijue. Isihaka, ujumbe kama huo unampa Mwinyimadi, mtu asiyejua kufunga mdomo?

Mtoto alikuwa anajitahidi. Kila alasiri alikaa na bakuli la maji na kikonyo cha jani la mpapai, akipuliza mapovu huku anavuta pumzi kwa pua, mapovu yasikatike, kama baba alivyokufundisha wewe. Watoto wa jirani wakayacheka mashavu yake, akaacha. Nikambembeleza kwa muhogo wa kuchoma; muhogo akala, zumari hakuigusa. Mwisho nikawa nakaa naye nikisuka ukili, najifanya sisikii anapokosea. Hamu ikaanza kumrudia. Ndipo akaja huyo mjumbe wako.

Jana mchana Matano hakuonekana, na zumari haikuonekana. Shemeji yako Salumu alikimbilia mto Ruvu, na mamba wa mto ule unawajua. Mimi nilitoka barabarani na kanga moja, sijui hata nilikuwa naita nini.

Nilimkuta yanaposimama malori, amepakata zumari, anawauliza madereva nani anakwenda Muheza. Nikamuuliza anataka nini huko.

"Nampelekea baba zumari yake, shangazi. Yeye anajua kuipiga. Labda akiwa nayo, siku ya mwali atakuja yeye."

Nilikuwa nimeshainua mkono nimzabe kofi. Nikalia, mbele ya madereva wote.

Sasa nisikilize. Fimbo sishiki. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na wewe wako unamlea kwa kinywa cha Mwinyimadi. Mama yake kaolewa tena Kibuta, wewe mwaka wa pili huu hujakanyaga hapa, kisha unataka apige kwa furaha! Omba ruhusa kwa msimamizi wako wa kazi, uje hata wiki moja. Zawadi usilete. Kaa naye uani alasiri, apige, akosee, na wewe upo.

Salumu anakusalimu, na shangazi yetu Mwanamvua, na Zubeda, ambaye anaona haya kwamba ugomvi huu umetokea kwa ajili yake. Matano hakutuma salamu. Ameniuliza tu, malori ya kutoka Muheza hufika hapa saa ngapi. Nimemwambia nitakuuliza wewe.

Mungu akulinde na akulainishe moyo.

Dada yako akupendaye hata akiwa na hasira,
Biubwa