Mizinga Nyuma ya Jiko

Nakivale, Rubondo
Tarehe 9 Septemba

Kwako dada yangu mkubwa, yaya Adélaïde,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe, shemeji Jean-Paul na watoto wote hapo Ruti. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Mama anaendeleaje? Uvimbe wa macho umeisha? Anapata usingizi?

Asante kwa kumpokea alipotoka hospitali ya Mbarara. Uliniuliza kwa simu ilivyokuwa, nikakujibu kwa maneno mafupi. Nikisikia sauti yako ninaogopa, ndiyo maana naandika.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, navuna asali kwenye mizinga yangu mitatu nyuma ya jiko. Mama akapita hapo kwenda kuanika maharagwe. Nyuki walikuwa wamekasirishwa na moshi, wakamvamia kichwani, akaanguka. Jirani yetu Annonciata ndiye aliyemfikia wa kwanza. Alimfunika kitenge akamwingiza nyumbani, akakwangua miiba kwa ukucha, akaosha kwa sabuni kila fasi, kila mahali alipoumwa, na kuweka kitambaa cha maji baridi. Miiba ilikuwa sita tu. Lakini midomo ilivimba, mwili wote ukatoka mabaka, na Mama akaniambia kwa sauti ndogo, "Semahoro, ninakosa pumuzi."

Nilileta lile jiwe jeusi la baba, nikambandikia shingoni, nikangoja livute sumu. Halikuvuta kitu. Annonciata akaita pikipiki. Kwenye kituo cha afya walimchoma sindano pajani, wakamlaza wakainua miguu yake, kisha gari la wagonjwa likamleta huko Mbarara.

Najua Mama alikuambia kwamba aligusa mzinga yeye mwenyewe. Hata kwa mchungaji alisema hivyo. Yaya, hakugusa. Alifunika kosa langu.

Mwezi wa nne nyuki mmoja alimuuma mkononi, uso wote ukavimba. Nilimpeleka kituoni mimi. Muuguzi Atuhaire akaniita pembeni, akaniambia mwili wa Mama hauwezi sumu ya nyuki. Nihamishe mizinga mbali na nyumba, na siku ya kuvuna Mama asiwe karibu. "Akiumwa tena musingoje," alisema. "Mulete hapohapo." Niliitika. Lakini sikumwambia Mama, wala wewe. Niliogopa kwamba nikihamisha mizinga nyuki watanikimbia, nikasema nitahamisha baada ya kuvuna.

Na kuna lingine. Mama alipoanguka, nilimwona. Nilifunika kwanza ndoo ya asali, ndipo nikamwendea. Alikuwa ananiangalia nikifunika.

Nilipomtembelea wodini nilitaka kuomba msamaha, akanishika mkono. "Acha bajue ni mimi niligusa," akasema. Sikubisha. Moyoni nilifurahi kabisa, yaya, na furaha ile inanitia haya kuliko yote.

Jana nimehamisha mizinga hadi kichakani, mbali kupita mashamba ya mahindi. Usimrudishe Mama mpaka uje uone kwa macho yako. Ukiamua abaki kwako, nitakubali. Ila nakuomba umsomee barua hii yote, usiruke fasi ya ndoo. Ajue kwamba nilijua ameniona.

Wasalimie shemeji na watoto, uwashike mkono kwa niaba yangu mmoja mmoja. Bwana akae nanyi.

Mimi mdogo wako,
Semahoro