Asisti za Mtoto wa Somo

Jumamosi, tarehe 7
Mechi ya kikapu ya nyumbani, Kibiti. Jua kali. Meza ya takwimu haina hata turubai, kishikwambi kimepata moto kama kikaango. Somo nyuma yangu, kama kawaida. Mwanawe Hamisi akitoa pasi tu, mama mtu anapiga kigelegele, na kidole changu kinabonyeza: asisti. Sheria naijua: asisti ni pasi inayozaa kikapu moja kwa moja. Aliyepokea akishadunda mpira na kumhadaa mlinzi, pasi ile haihesabiwi tena. Leo wamedunda mpaka basi, na nimebonyeza. Somo ndiye aliyenifunda nilipovunja ungo. Hajawahi kuniomba kitu. Angeomba, pengine ningeweza kukataa.

Jumapili, tarehe 8
Takwimu rasmi za ligi zimetoka. Hamisi anaongoza kwa asisti nchi nzima. Mtaa mzima simu mkononi. Kocha anacheka tu, anasema kila timu ina karani wake. Nimejichukia.

Jumatano, tarehe 11
Klabu kubwa ya Dar inamtaka Hamisi. Hakuja mtu kumtazama, wamesoma namba zangu. Anataka kuacha ualimu Ikwiriri, kazi aliyoisotea miaka. Nimekwenda kwa Somo nimwambie ukweli. Sijafungua mdomo, kanishika mkono. "Mwanangu, umemwandika vizuri mdogo wako. Mungu akulipe."
Nikasema amina. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, tarehe 14
Nimemvizia Hamisi baada ya mazoezi. Nimemwambia nusu ya asisti zake ni vigelegele vya mama yake. Kacheka hadi kakaa chini.
"Dada, kijicho hicho! Takwimu ni rasmi."
Rasmi! Nimezifanya rasmi mimi, kwa kidole hiki. Nikienda kusema ligi, namvua nguo Somo mbele ya Kibiti nzima. Nikinyamaza, mwanawe anakwenda kuumbuka. Mpunga kinuni una nafuu kuliko mimi.

Jumatatu, tarehe 16
Hamisi kaacha kazi. Kaondoka na basi la asubuhi. Somo kapiga kigelegele hadi basi likapotea. Kidole changu kikatafuta pa kubonyeza.

Jumapili, tarehe 29
Mechi yake ya kwanza Dar. Nimeitazama kwenye simu. Katoa pasi zilezile, wenzake wakadunda vilevile. Karani wa huko hakuhesabu hata moja. Kahesabu sawasawa.
Jioni Hamisi kanipigia. "Dada, huku wananidhulumu. Ongea na kocha wangu, nakuomba. Wewe peke yako ndiye unayejua kuhesabu."
Nimesema mtandao unasumbua. Nimekata.

Jumatatu, tarehe 30
Mvua kidogo. Somo kaniletea wali wa nazi, bakuli limefunikwa kwa kawa. Shukrani yake. Hajasikia habari za Dar. Nimekula. Nimeosha bakuli, nimelifuta, nimeliweka mezani. Bakuli la mtu halirudishwi tupu. Nimeangalia jikoni. Sina cha kutia.