Lenzi Yenye Pengo

Jumapili, 3 Agosti 2025

Nimeikamata! Lenzi yetu ya Brennar si Mjerumani wala si jirani yake. Jina limechongwa kwa mbwembwe kwenye pete ya mbele, lakini kiwanda kiitwacho Brennar hakikuwahi kuwako duniani. Duka fulani la Ulaya liliagiza lenzi Japani, likasema: tuandikieni jina hili. Basi. Unga ule ule, mfuko mwingine.

Aliyenisaidia ni mwalimu Patroba wa Mokowe, mwenye ugonjwa kama wangu wa lenzi kuukuu. Amenitumia picha za lenzi yake aliyoipata mitumbani Nairobi. Yake inaitwa Halkon. Nimeziweka kando ya picha nilizopiga mwaka jana tulipoifungua Brennar: skrubu za nyuma mahali pale pale, nambari zinaanza sawasawa, kioo kinarudisha zambarau ile ile. Mapacha! Patroba ameandika: "Wueh, Madam Swafiya, hawa ni mtu na ndugu yake, wamebadilishiwa ID tu."

Nimempelekea Hayat, msaidizi wangu, habari, maana Brennar ni yake. Nilimpa mimi, siku ile bisibisi ilipomteleza ikamega ukingo wa kioo cha nyuma. Alivyolia! Nikamwambia chukua, iwe yako ya kujifunzia. Tangu hapo tunaiita Pengo. Ukiipigia picha gizani, taa za nyuma hutoka mviringo, na kila mviringo una pengo juu kushoto, kama mtoto aliyeng'oka jino.

Hajajibu. Ameusoma ujumbe, nimeona. Labda ana shughuli. Mwezi ujao ni harusi yake mwenyewe, inshallah, na mtu akikaribia kuolewa hata ndugu yake wa kunyonya humsahau!

Jumanne, 5 Agosti 2025

Sijui nianzie wapi.

Bi Rukiya aliniita baada ya Adhuhuri. Nilidhani anataka nakala za picha za harusi ya bintiye, Raihana, niliyoipiga mwezi uliopita upande wa wanawake. Nikaingia, mlango ukatiwa komeo nyuma yangu. Raihana amejifunika uso kwa leso, analia. Juu ya mkeka imekunjuliwa picha, kubwa kama mlango wa kabati. Ni yeye, usiku wa bibi harusi kuonyeshwa kwa wanawake: nywele wazi, mabega wazi, hina mpaka viwikoni, anacheka. Picha nzuri. Mungu anisamehe, hilo ndilo nililoliona kwanza.

Kaka yake, Fadhil, anaendesha boti ya hoteli moja Ras Kitau. Jana ameingiza mizigo mpaka ukumbi wa kulia, akamwona dadake ukutani! Wageni wanakula chini yake. Ameing'oa na misumari yake. Meneja anasema waliinunua kihalali kwa mpiga picha wa hapa hapa Lamu. Jina hatoi.

Bi Rukiya hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Swafiya, simu zote zalikuwa kikapuni mlangoni. Kamera ni yako wewe. Haya, nambia, nani mwingine?"

Nikamwambia: kadi si nilikukabidhi mkononi, mbele ya dada yako, kama ninavyofanya harusi zote? Mimi sibaki na picha hata moja! Sauti ya Fadhil ikatoka nyuma ya pazia: kadi hutolewa nakala. Kweli, hutolewa.

Nilipoinama kuikunja ndipo nilipoziona taa. Zile taa ndogo za mapambo, nyuma ya bega la Raihana. Mviringo. Kila moja ina pengo. Juu kushoto.

Nikanyamaza. Kwa nini nilinyamaza?

Jumatano, 6 Agosti 2025

Mapacha waweza kuwa zaidi ya wawili. Ndilo ninalojiambia tangu alfajiri. Kiwanda kile kilimwaga lenzi dunia nzima, kwa majina chungu nzima. Huenda ipo nyingine Lamu, imemegeka vile vile. Huenda.

Watu wa harusi ya Mkomani wameghairi, hawanitaki tena niwapigie picha. Hawakutoa sababu, wala sikuuliza. Mji umeshajua.

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Nimekwenda kwa Hayat. Nimemkuta amekaa, mguu mmoja unatiwa piko, ile hina nyeusi, shoga yake anamjaribishia maua ya harusi. Nikangoja mpaka yule akatoka. Nikamuuliza jambo moja tu: Pengo iko wapi?

Ameiuza, anasema. Zamani! Kwa mgeni mmoja Shela. Mbona hukunambia? Amesahau. Halafu, bila kuulizwa: "Na hiyo picha ya Raihana usinitazame mimi. Si wewe uliyenifunza? Jina si kitu, lenzi moya, majina kumi. Kamuulize huyo mwalimu wako wa bara."

Mimi sikutaja picha ya Raihana. Sikutaja taa. Nilitaja lenzi tu.

Na somo langu mwenyewe ndilo alilolichukua akanipiga nalo usoni! Mara ngapi nimekaa naye usiku, namwonyesha skrubu, namwonyesha rangi za vioo, nikijua ndugu yangu naye atapata mkate. Ametazama mguu wake muda wote. Anaogopa piko isiharibike.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Nimevuka Mokowe kwa Patroba. Shule imefungwa, tumekaa chumba cha walimu na mkewe, Nerea, aliyetupikia chai ya maziwa mengi mno. Patroba ameitoa Halkon yake ndani ya soksi. Nimetundika taa zangu za mapambo, tumefunga madirisha, nimempiga Nerea picha taa zikiwa nyuma yake.

Nilikuwa naomba. Kweli kabisa, naomba Mungu lenzi ya mtu iwe mbovu! Nilitaka kuona pengo. Nikiona pengo, basi mapacha wote wana udhaifu huo ukingoni tangu kiwandani, humegeka pale pale, na Hayat ametoka.

Miviringo imetoka mizima kama sahani. Nikapiga tena. Mizima. Patroba, asiyejua lolote la Raihana, akafurahi: "Safi! Kwa hivyo ile damage ni ya lens yako peke yake. Hakuna nyingine kama hiyo."

Hakuna nyingine kama hiyo. Nikamshukuru. Nikanywa chai yote.

Nyumbani nimefungua majaribio ya mwaka jana niliyopiga kwa Pengo, nikalinganisha na ile picha ya ukutani, niliyoipiga kwa simu kabla ya kuikunja. Pengo kwa pengo. Hata kile kijino kidogo kilichosalia katikati, kipo.

Sasa naukumbuka mlango. Usiku ule shangazi yake Raihana alisimama na kikapu, anapekua mikoba, hata ya wazee. Hayat alikuwa nyuma yangu na taa na begi lake. Shangazi alinyoosha mkono kwenye begi. Mimi nikasema: huyu yuko nami. Mkono ukarudi, begi likaingia bila kupekuliwa.

Huyu yuko nami! Kwa ulimi wangu! Kikulacho ki nguoni mwako. Tuliimbishwa darasani mpaka tukachoka, sikudhani hata siku moja kuwa nguo yenyewe ni yangu.

Ningeweza kwenda kwa Bi Rukiya hivi sasa. Lakini nimwonyeshe nini? Duara na duara kwenye simu. Bila lenzi yenyewe mkononi atasema nimeanza uganga. Na Pengo "imeuzwa".

Naumia. Siwezi kuandika neno zuri zaidi ya hilo.

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Bi Salha amekuja. Peke yake, na sinia ya mikate ya sinia imefunikwa kawa. Bi Salha ni mamake Hayat, na kwa maziwa ni mama yangu pia. Mama aliponizaa alilala homa, Bi Salha akaninyonyesha kifua kimoja, Hayat kingine. Hadithi hiyo nimeisikia harusini na matangani, kila mara watu wanasema mashallah.

Nikadhani amekuja kunifariji. Nikamwegemea begani nikalia kama mjinga. Akanipapasa kichwa, akaniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha akafungua pembe ya leso, akatoa kitu, akanitia mkononi.

Pengo.

Haikuuzwa popote. Ilikuwa kwake, ndani ya sanduku la nguo za Idi.

"Nimekuletea mwenyewe, mwanangu, usiseme nimekufita."

Nikamuuliza alijua tangu lini. Alisema Hayat si mwovu. Bibi mwenye ile hoteli alitaka picha ya Lamu ya ndani, ya kweli. Hayat alidhani itasafiri Ulaya, ikae kwenye nyumba ya watu wasiomjua Raihana. Hakujua itatundikwa ng'ambo hapo tu, mbele ya Fadhil! Kama kwamba dhambi ni umbali.

Mimi bado sijaelewa. Nimeishika lenzi, nafikiri: haya, mama ameniletea ushahidi, Mungu ambariki, yeye ni mtu wa haki. Nikamwambia twende sote kwa Bi Rukiya. Akanishika mkono, ule wenye lenzi, akaufunga vidole.

"La. Sema ni wewe."

Nikacheka. Nilidhani sikusikia.

"Hayat posa yake ni ya watu wa Siyu. Mchumba wake Khatib na mamake wakisikia, harusi haipo. Wewe ushaolewa ukaatwa, hakuna anayekungoja. Una kazi mkononi, utakwenda Mombasa, watu watasahau. Sema shetani alikupitia, uombe radhi, mimi n'takuwa kando yako."

Ushaolewa ukaatwa! Hata mume wangu aliponirudisha hakuniambia kwa ulaini huo.

Nikamwambia: mama, mimi sina kitu kingine. Hili jina la kuaminiwa ndilo chakula changu, ndilo linalonifungulia milango. Akanitazama kwa huruma ya kweli, hilo ndilo linaloniua, machozi yalimlenga.

"Maziwa yangu sikukudai hata siku moya, Swafiya. Yeo nakudai."

Akajitanda buibui, akaenda. Mikate ameiacha. Nimempa paka wa jirani, naye kanusa akaondoka.

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Sijatoka. Bi Rukiya ametuma neno: kesho baada ya Alasiri watakuja kwangu, wanawake tu, wanataka kusikia kwa mdomo wangu. Fadhil naye amesema akipata jina ataliweka wazi msikitini.

Nimejaribu Pengo kwenye kamera. Inafanya kazi vizuri sana, shenzi.

Hayat hajaleta hata salamu.

Ijumaa, 15 Agosti 2025

Naandika juu chumbani, kalamu inakwaruza. Nimesema napanda kuchukua vikombe vya kahawa.

Wako chini, uani. Bi Rukiya, Raihana, na shangazi yule wa kikapu. Lakini wa kwanza kufika walikuwa Bi Salha na Hayat! Walikuja mapema, Hayat akafagia ua wangu, akatandika mikeka yangu, akafukiza udi wangu. Wageni walipoingia, yeye ndiye aliyewakaribisha. Nyumbani kwangu. Piko imemtoka vizuri, maua mpaka juu ya vifundo. Shangazi ameisifu.

Hakunitazama. Aliponipa sinia tulishika pande mbili kwa muda. Nikamnong'oneza: sema mwenyewe, Hayat, mimi n'takuwa kando yako. Maneno ya mamake. Akaachia sinia.

Nasikia yote kutoka hapa. Bi Salha anazungumza: "Mwenyewe amekubali. Ni ujana tu. Atashuka aombe radhi, nanyi mumsamehe, ni mwanangu."

Sikukubali! Nilinyamaza. Bibi harusi akinyamaza ndiye aliyekubali. Mimi si bibi harusi, nimeshanyamaza mara moja kwenye mkeka wa Bi Rukiya na ona iliponifikisha.

Raihana anauliza kitu, sauti ndogo. Anauliza kwa nini. Anataka nimwambie kwa nini, mimi niliyempamba nywele usiku ule kwa mikono yangu nikamwambia hakuna atakayekuona ila wanaokupenda.

Vikombe hivi hapa. Pengo nimeifunga kwenye kamera, na ile picha ya ukutani nimeomba waje nayo, wameiegemeza kwenye nguzo. Taa za mapambo ninazo kwenye kapu, betri zimejaa. Nikizitundika nyuma ya kichwa cha mtu yeyote pale uani na kumpiga picha moja, hata mtoto ataona, na shangazi atakumbuka begi la nani halikupekuliwa. Na nikimpiga Bi Rukiya picha hiyo, Hayat haolewi mwezi ujao, na Bi Salha hatanifungulia mlango tena mpaka nife.

"Swafi!" Ni Hayat, anaita kutoka chini ya ngazi. "Shuka basi, twakusubiri wewe tu."

Sauti yake tamu. Haitetemeki hata kidogo.

Bi Salha naye: "Ndoo, mwanangu."

Ngazi ni nyembamba, mkono mmoja lazima ushike ukuta. Vikombe au kamera, siwezi kushuka na vyote—